Ofa tatu za kukimbia chuo Marekani, nipime aje timu yenye itanifaa?

binti_wa_Mosoriot

Hamjambo wadau. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, KCSE nikapata B, nakimbia mita 5000 na viunzi na maji. Muda wangu mzuri wa 5000 ni 16:38, nilikimbia Eldoret, kwa hivyo ni kule juu kwenye hewa nyembamba. Makocha watatu wa Marekani wamenitumia ofa na sasa hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Ya kwanza ni chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo, huko kwenye baridi, jina lake kila mtu analijua. Wananilipia asilimia 60 mwaka wa kwanza alafu wanasema baadaye tutaona. Ya pili ni chuo cha miaka miwili Texas, huko kila kitu kimelipwa, masomo, chumba, chakula na vitabu. Ya tatu ni Divisheni ya Pili, mji mdogo milimani, asilimia 85, na kocha anasema nitapata kazi ya maktaba nijazie. Nataka kusoma unesi na hiyo sibadilishi.

Mjomba anasema niende ile kubwa. Mwalimu wangu wa michezo pia anasema hivyo, ananitolea mfano wa Doris Lemngole wa Alabama, vile alikimbia viunzi na maji 8:58.15 mwezi wa sita 2025 akawa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika tisa. Mama yeye ana swali moja tu, nikiumia nani ananitibu. Na kuna ajenti hapa mjini anataka elfu mia moja na hamsini ati anisaidie kuchagua. Sijui mtu yeyote aliyepitia hii njia nimuulize. Naomba mnisaidie, nipime aje timu nikiwa huku mbali na sijawahi hata kuiona?

nesi_wa_Texas

Mdogo wangu hongera sana, kupata ofa tatu si jambo dogo. Huyo ajenti usimpe hata shilingi. Ofa unazo mkononi tayari, sasa anakuuzia nini? Hiyo pesa utaihitaji kwa visa na tiketi.

Mi nilianza juko, yaani hivyo vyuo vya miaka miwili, nikahamia Divisheni ya Kwanza, na saa hii ni nesi hukuhuku Texas, kwa hivyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Watu wakipima timu wanaangalia bingwa wake. Wanaona Lemngole Alabama, wanaona Edward Cheserek na mataji yake 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, pale Oregon, wanasema hiyo timu inatengeneza watu. Lakini bingwa angekimbia popote. We saa hii ni msichana wa 16:38, kwa hivyo tafuta msichana aliyeingia kwa hiyo timu akiwa na 16:30 ama 16:50 uone walimfikisha wapi. Hiyo ndio kazi yako ya wiki hii na haitaki pesa, ni bando tu. Kuna tovuti inaitwa TFRRS, matokeo ya mbio za vyuo vya Marekani yamewekwa huko, ya kila divisheni mpaka juko, ya mbio za nyika, ya uwanja wa ndani na ya uwanja wa nje. Fungua timu ya wanawake, rudi misimu minne nyuma, chukua daftari uandike majina ya wote walioingia mwaka wa kwanza na wanakimbia 1500 kwenda juu. Alafu fuatilia mmoja mmoja, mwaka wa pili alikimbia nini, wa tatu je, muda ulishuka ama ulikwama pale pale alipotoka nao nyumbani.

Na uangalie sana waliopotea. Utaona mtu ana mbio nyingi msimu wa kwanza, msimu wa pili ana mbio mbili, alafu kimya. Huyo ameumia, ama amekatwa, ama amehama. Akiwa mmoja ni maisha, lakini wakiwa watano kati ya saba hiyo timu inakula watu na hakuna jezi itakuokoa.

Kingine cha kuangalia hapo hapo ni mbio za wikendi moja. Kwa mashindano ya konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, timu hupewa pointi kwa kila anayemaliza nafasi nane za kwanza, na kocha mwenye njaa ya pointi atakuweka 10,000, viunzi na maji na 5000 ndani ya siku tatu, na kama miguu bado inasimama anakuongezea 1500. Mara moja kwa mwaka unaweza ukavumilia. Lakini ukiona msichana huyo huyo amekimbizwa hivyo Februari ndani, Mei nje, na kabla ya hapo alikuwa na nyika karibu kila wikendi ya vuli, jua huyo kocha anavuna leo na kesho yako haimhusu. Juko nyingi ziko hivyo, si zote, lakini nyingi, kwa sababu kocha anajua uko naye misimu miwili tu alafu unaenda. Na Wakenya tunabebeshwa zaidi maana hatujui kusema hapana kwa mtu mzima.

Sasa usidhani nakukataza juko. Sally Kipyego alianzia South Plains pale Levelland, akaenda Texas Tech, akashinda mataji 9 ya NCAA, akasoma unesi hapo hapo, alafu akaleta fedha ya 10,000 kutoka London 2012. Kwa hivyo njia ipo. Cha kuuliza juko ni wasichana wao wa miaka miwili iliyopita wako wapi sasa, wamehamia chuo gani na krediti ngapi, yaani masomo waliyokwisha kufanya, zilikubaliwa huko. Kocha mzuri atakutajia bila kufikiria, tena kwa furaha.

Juu ya unesi hapo ndio nataka unisikilize vizuri. Kukubaliwa chuo si kukubaliwa unesi. Vyuo vingi unasoma sayansi kwanza, mwaka mmoja ama miwili, alafu unaomba kuingia shule ya unesi na nafasi ni chache. Ukishaingia kuna mafunzo ya wodini, unatakiwa uwe hospitali asubuhi na mapema, saa ile ile timu yako iko barabarani inakimbia. Kuna makocha watakuambia ndio ndio unesi tunao, ukifika wanakusukumia kozi nyingine inayopangika na mazoezi. Kwa hivyo usiulize kama chuo kina unesi, muulize kocha hivi: nani kwenye timu yako ya wanawake anasoma unesi sasa hivi na niongee naye. Vyuo vingi huandika kozi ya kila mwanariadha kwenye ukurasa wa timu, pitia hata miaka ya nyuma. Ukikosa hata mmoja kwa miaka minne hilo ni jibu tayari.

Kocha_Kaptagat

Dada ameongea vizuri lakini mimi sikubaliani na yote. Nimewapeleka vijana huko miaka mingi na sijawahi kuomba mzazi pesa. Divisheni ya Kwanza kubwa si jina tu. Ni madaktari wa timu, ni mtaalamu wa chakula, ni uwanja wa ndani wakati nje kuna theluji, ni kupelekwa kwenye mashindano yenye wasichana wa 15:20 wanakuvuta. Msichana wa 16:38 kwa mwinuko wa Eldoret, karibu mita 2,100, akishuka kwenye uwanja wa chini na akifundishwa vizuri ana mengi ya kushusha. Huko milimani Divisheni ya Pili atakimbia peke yake mbele, atashinda kila wikendi na hatajua kama anakua.

Kuhusu hiyo asilimia 60, binti, hilo si neno la mwisho. Zamani timu ya wanawake ya riadha na nyika Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 18 za kugawana, wanaume 12.6, kocha anakatakata vipande. Juni 2025 mahakama ya Marekani ilipitisha makubaliano ya ile kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, na mambo yakabadilika. Vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano havina tena kikomo cha skolashipu, vina kikomo cha watu, 45 kwa riadha na 17 kwa nyika. Kwa hivyo kocha akikuambia sheria hainiruhusu kukupa zaidi, muulize kwa heshima, chuo chenu kimeingia kwenye makubaliano au hapana? Kama kimeingia, kinachomzuia ni bajeti, na bajeti inaongeleka.

Lakini hapo hapo kuna upande wa pili na nitausema hata kama unapunguza hoja yangu. Vyuo hivyo hivyo sasa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo mwaka wa kwanza wa 2025-26, na nyingi inaenda kwa futiboli yao na basketi. Riadha inabaki na makombo mahali pengine. Na nafasi 45 maana yake mtoto anayekua polepole anakatwa mapema. Washington State, chuo cha Henry Rono, mahali alipokuwa mwanafunzi akivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, mwaka 2025 walitangaza wanaacha kuruka na kurusha na kubaki zaidi na mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu ni afadhali, lakini mrukaji aliyekwenda pale kwa sababu ya historia alibaki wapi? Kwa hivyo uliza, timu hii mwaka kesho ipo?

Mbulu_Mbio

Wakuu naomba nichangie, mimi ni Mtanzania niko Kansas, nimemaliza mbio na masomo, sasa nipo kazini. Sisi huko kwetu tulikua tukiambiwa habari za Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, alivyokuwa anatesa chuo cha UTEP pale El Paso kisha akachukua fedha ya 5000 Moscow 1980. Kwa hiyo ndoto hii naijua vizuri. Ila mimi nitaongelea hela maana ndo inayowarudisha watu nyumbani.

Dada yangu chukua karatasi. Usiseme asilimia, sema dola. Gharama yote ya mwaka ya hicho chuo kikubwa ni ngapi? Tuseme 48,000, ukipewa 60 unabaki unadaiwa 19,200 kila mwaka, hiyo ni kama milioni mbili na nusu za Kenya, na kabla hawajakupa ile fomu ya I-20 ya kuombea visa lazima uonyeshe hiyo hela ipo, benki, kwa barua. Hakuna kusema nitaitafuta nikifika. Visa yenu ya wanafunzi, F-1, inaruhusu kazi za ndani ya kampasi tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Hiyo kazi ya maktaba wakikulipa kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa ni kama dola 580 kwa mwezi kabla ya makato, na hapo una mazoezi na unesi, sijui utalala saa ngapi. Na zile habari za wanamichezo kulipwa na matangazo, kwa mwenye F-1 usiziguse kabla hujaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, unaweza kupoteza visa kwa picha moja ya viatu.

Halafu kuna mambo ambayo hata ofa inayoitwa kamili haisemi. Bima ya afya ya mwanafunzi wa kigeni nani analipa? Inafika dola elfu kadhaa kwa mwaka. Krismasi mabweni yakifungwa unalala wapi? Na kiangazi je, kuanzia Mei mpaka Agosti, miezi mitatu skolashipu imesimama, huna ruhusa ya kufanya kazi nje, tiketi ya kurudi nyumbani huna, na kocha anataka uendelee kukimbia maili zako? Hapa ndo nimeona watoto wa watu wanalala kwenye sakafu za wenzao wanne chumba kimoja. Muulize kocha, wanariadha wako wa Kenya kiangazi kilichopita walikaa wapi, nani alilipa.

Na kodi. Hii hakuna anayeisema. Sehemu ya skolashipu inayolipa ada na vitabu haina kodi, ila sehemu inayolipa chumba na chakula inahesabiwa kama kipato, na mwanafunzi wa F-1 anakatwa asilimia 14. Chumba na chakula kikiwa dola 11,000 hapo kuna 1,540 zinakusubiri, mara nyingi zinatokea kama deni kwenye akaunti yako ya chuo katikati ya muhula, na ukiwa na deni huwezi kujiandikisha muhula unaofuata. Vyuo vingine vinakusaidia kulibeba, vingine vinakutazama. Uliza kabla.

Kwa haraka haraka mimi naona ile ya 85 na ile ya Texas ziko karibu kuliko unavyodhani, kaa nazo kwa dola.

mstaafu_wa_nyika

Naongea na binti kama dada mkubwa. Kocha wa Kaptagat amesema mtaalamu wa chakula, ni kweli ni kitu kizuri, lakini uliza anafanya nini. Kuna timu wasichana wanapimwa uzito kila wiki mbele ya wenzao na namba inasomwa. Mwaka 2021 gazeti la The Oregonian liliandika habari za wanariadha wa kike waliopitia Oregon, wakilalamika kuhusu vipimo vya mafuta mwilini kwa mashine na vile viliwaharibia uhusiano wao na chakula, na hiyo ni programu yenye pesa kuliko karibu zote. Mimi timu niliyokuwa, sitaitaja, msichana akikosa hedhi miezi mingi kocha alikuwa anasema ni dalili ya kuwa fiti. Si dalili ya kuwa fiti. Ni mwili unalia, na mifupa ndio inafuata kuvunjika. We unataka kuwa nesi, utayasoma haya.

Kwa hivyo ongea na wasichana wa hiyo timu bila kocha kwenye simu. Kocha atakupa namba za wale wawili anaowaamini, sawa, ongea nao. Alafu tafuta mwenyewe wengine watatu, na mmoja wao awe ametoka kwenye timu. Wako Instagram wote na majina umeshayapata TFRRS. Usimuulize kama timu ni nzuri, atasema nzuri. Muulize wangapi walivunjika mfupa mwaka jana, ukiwa mgonjwa Jumatatu unamwambia nani, na mara ya mwisho kocha alikasirika ilikuwaje. Mkenya mwenzako mpigie usiku akiwa chumbani, mwongee lugha ya nyumbani, atakwambia.

Na ile sheria ya NCAA ya mwisho saa 20 za mazoezi kwa wiki isikudanganye. Siku ya mashindano, hata ukiamka saa kumi alfajiri ukarudi usiku, huhesabiwa saa tatu. Safari haihesabiwi na matibabu hayahesabiwi. Uliza wiki ya kawaida ya Oktoba inakaaje, saa kwa saa.

Tugen_41

Samahani naingilia, mimi nina A lakini 5000 yangu mvulana ni 15:50, kuna chuo kitanichukua?

Kocha_Kaptagat

Kijana kwa muda huo skolashipu ya mbio itakuwa ngumu lakini kwa A usitafute ya mbio. Harvard na vyuo vikongwe wenzake wa Ivy League, na Divisheni yote ya Tatu, hawatoi skolashipu ya michezo hata kwa bingwa, wanatoa msaada kulingana na uwezo wa familia, na vyenye pesa nyingi vinaweza kulipa karibu kila kitu. KenSAP, mradi wa kusaidia vijana wa Kenya kuingia vyuo vya huko, ilianzishwa 2004 na Mike Boit, yule wa shaba ya 800 Munich 1972, pamoja na John Manners, kwa ajili ya vijana wa alama kama zako. Anzia hapo, na mbio utaziendeleza ukishafika.

binti_wa_Mosoriot

Asanteni sana, kweli nimesoma hii mara nyingi na nimemsomea mama pia. Nimekaa na TFRRS kwa saiba wiki nzima na haya ndiyo nimepata.

Chuo kikubwa: walioingia misimu minne iliyopita ni wasichana tisa wa mbio ndefu. Watatu wamekimbia miaka yote, wawili kati yao walikuja wakiwa tayari na 15:50 kurudi chini. Wengine sita wamepotea, mmoja nimempata kwa timu nyingine huko anakimbia vizuri kuliko alivyokuwa. Kwa unesi sijaona hata mmoja.

Juko: wanakimbizwa vibaya, kuna dada mmoja amefanya mbio nne kwa mashindano ya kitaifa. Lakini kocha nilipomuuliza waliotoka wako wapi alinitajia wote hapo hapo na nikawapata, kila mmoja yuko kwa chuo cha miaka minne.

Divisheni ya Pili: wasichana sita, watano wamekimbia mpaka mwaka wa nne. Hakuna bingwa. Lakini mmoja alikuja na 17:20 ameondoka na 16:31 na wako milimani. Wawili wanasoma unesi, mmoja nimeongea naye, anasema kocha huwaachia wafanye mazoezi jioni peke yao siku za wodi. Kiangazi anasema kuna familia za pale mjini huwakaribisha, lakini sijaiona kwa maandishi.

Sasa maswali mawili. Mama bado na lile lake la kutibiwa. Na mjomba anasema kama sijaamua nijiunge kwanza na chuo cha hapa Eldoret nisikae bure.

nesi_wa_Texas

Umefanya kazi ambayo watu wazima hawafanyi.

La mjomba kwanza. Mwambie kwa heshima, usijiandikishe chuo chochote kama mwanafunzi wa muda wote kabla hujaongea na hao makocha. Divisheni ya Kwanza inakupa misimu minne ndani ya miaka mitano, na hiyo saa inaanza kugonga siku unajiandikisha chuo cha muda wote, hata kikiwa Eldoret. Divisheni ya Pili wanahesabu kwa mihula, lakini nao mihula ya huko nyumbani wanaihesabu. Pia usikae miaka mingi nyumbani ukikimbia mashindano, Divisheni ya Kwanza huanza kumkata misimu mtu anayechelewa zaidi ya mwaka mmoja baada ya sekondari huku anashindana. We uko ndani ya muda kama unaingia Agosti hii. Na ukikimbia mbio za barabarani zenye zawadi weka rekodi ya kila shilingi na ulichotumia, NCAA watauliza.

La mama. Tangu Agosti 2024 kila chuo cha Divisheni ya Kwanza lazima kigharamie matibabu ya jeraha la michezo, na kiendelee mpaka angalau miaka miwili baada ya mwanariadha kumaliza. Hapo chuo kikubwa kinashinda. Divisheni ya Pili na juko inategemea chuo, kwa hivyo mwandikie kocha hivi: naomba karatasi ya bima ya wanariadha, inalipa kiasi gani, mimi nalipa nini kwanza kabla bima haijaanza, na nikiumia msimu mzima skolashipu yangu inabaki? Karatasi, si maneno ya simu. Na hayo ya familia za kiangazi pia aandike. Barua ile ya zamani ya kuahidi kujiunga na chuo, NCAA waliiondoa Oktoba 2024, sasa kinachokufunga na kinachokulinda ni mkataba wa skolashipu wenyewe, kwa hivyo kama jambo halimo kwenye maandishi halipo. Angalia imeandikwa mwaka mmoja ama minne.

Kocha_Kaptagat

Binti, kwa hesabu uliyoleta nabadilisha msimamo. Wasichana sita kati ya tisa, hapana. Nilidhani wana mpango wa wanaokua. Ile ya mlimani mpigie kocha umuulize pia anafundisha viunzi na maji vipi, kama kuna shimo la maji kwenye uwanja wao na msichana gani wake wa mwisho aliruka, kwa sababu timu nyingine zinakuingiza kwenye viunzi bila hata kukuonyesha namna ya kutua. Omba pia asilimia 85 iwe 95, mwambie wazi una ofa kamili mahali pengine. Haudanganyi.

binti_wa_Mosoriot

Nimempigia jana usiku. Shimo la maji lipo na ana msichana wa 10:40 yuko mwaka wa tatu. Amesema 92 na bima ya afya juu yao, ataandika kufikia Ijumaa. Kiangazi amesema ataweka kwenye barua. Mama amesema tungoje karatasi.

Mbulu_Mbio

Safi sana dada. Karatasi ikija na ukaikubali, siku hiyo hiyo omba I-20. Ukiipata unalipia SEVIS, yaani usajili wa wanafunzi wa kigeni, dola 350, halafu visa dola 185, na unashika tarehe ya mahojiano Nairobi mapema maana msimu wa Juni na Julai foleni ni ndefu. Nenda na matokeo ya KCSE, barua ya skolashipu, na ushahidi wa hiyo asilimia 8 iliyobaki nani analipa. Watakuuliza kwa nini hicho chuo. Waambie kuhusu unesi kwanza, mbio baadaye. Na tarehe ya mahojiano ikigoma kabla ya Agosti, muulize kocha kama unaweza kuingia Januari bila kupoteza skolashipu, naye aliandike.